Kopo la Siagi Kwenye Friji ya Soda

Mwanamke nisiyemjua aliingia dukani kwetu Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, akawapita wateja watatu, akafungua friji yetu ya soda na kuweka kopo la siagi katikati ya chupa.

Hakusalimia. Hakununua kitu.

Akaufunga mlango wa friji, akauegemea kwa mgongo.

Kaka yangu Nasif alibaki na chenji mkononi. "Nyabo, hiyo friji ni ya biashara."

"Najua," yule mama akasema. "Munisamehe. Kama ningeuliza kwanza, mungekatala. Sasa iko ndani, mutanisikiliza."

Wateja wakacheka. Mimi sikucheka. Siku zile sikuwa nacheka wala kulia.

Naitwa Asmah. Nilimaliza chuo kikuu mwaka juzi, digrii ya maendeleo ya jamii. Picha ya mahafali imetundikwa ukutani, juu ya kreti za soda. Kazi sikupata.

Mwaka jana mama yetu alifariki. Mimi na Nasif tulikaa kwenye benchi la hospitali saa mbili nzima, tumempelekea uji kwenye flaski. Kumbe alikuwa ameshaondoka kabla hatujafika. Wauguzi walipita mbele yetu, wakaitazama ile flaski, wakaendelea na safari zao.

Hakuna aliyetuambia.

Tangu siku ile kitu fulani ndani yangu kilizima. Si uchungu. Uchungu ningeujua. Nilikuwa naamka, nafagia, napanga soda, nalala.

Nilijua jambo moja tu. Nataka kuwa muuguzi. Yule anayesimama mbele ya benchi na kusema.

Kwa hiyo yule mama alipofungua kopo lake tukaona vichupa vitatu vya insulini, mimi ndiye niliyesogea.

"Mutoto yangu iko na sukari," alisema. "Chupa moja yenye niko natumia, naiweka kwa chungu, ndani ya muchanga ya maji. Lakini hizi zenye sijafungua zinataka frigo. Nimezunguka Bwera yote. Frigo zote ni za nyama ao za pombe."

Jina lake Martine. Alitoka Butembo, Kongo, akavukia mpaka wa Kasindi na binti yake Yvette wa miaka tisa. Njiani walinyang'anywa simu na mkoba wenye vyeti vyake. Kwao alikuwa muuguzi miaka kumi na miwili. Bwera alikuwa anafulia watu nguo.

Nasif akanitazama. Nikamtazama.

"Wallahi, siku moja mtaniletea maiti humu," akasema. Kwake, hiyo ndiyo ilikuwa 'ndiyo'.

Martine akalishika kopo, akaliweka rafu ya chini kabisa, mbele. "Hapa. Hapana nyuma, kwa ule ukuta wa barafu. Ikianguka, ikipata joto, ikienda kule nyuma, unaniambia siku ileile. Hata kama ni kakosa kadogo. Unaniahidi?"

"Nakuahidi, mama Yvette."

Ahadi ndogo kabisa. Niliitoa huku nafuta kaunta.

*

Nilikuwa na mwezi mmoja wa kujiandaa na mtihani wa kuingia chuo kimoja cha uuguzi Kasese. Biolojia nilikuwa nimeiacha zamani. Mfumo wa homoni ndio ulionishinda. Tezi za kichwani, za shingoni, za juu ya figo, majina yanafanana kama watoto wa mama mmoja.

Martine alinikuta nimelala juu ya daftari.

"Unasoma kama mutu anameza dawa," akasema. "Simama. Njoo inje."

Akanionyesha foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka hapo Mpondwe, kwenda Kongo.

"Yale malori iko na sukari. Ngʼambo batu beko na njaa. Sukari iko, njaa iko. Kunakosa nini?"

"Kibali."

"Voilà. Chembe ya mwili ndiyo ngʼambo. Damu ndiyo hii barabara. Insulini ni kibali. Kongosho ikikosa kuandika kibali, sukari inajaa barabarani, na mwili inakufa na njaa."

Nilisimama pale mpaka dereva mmoja akanipigia honi.

Siku nyingine alinikalisha karibu na friji. "Sikia. Sasa inalia. Ikipata baridi ya kutosha inanyamaza. Joto likipanda, inaanza tena. Tezi ya kichwani na ya shingo zinafanya vile. Moja inatuma homoni, ingine inajibu, ikitosha inaambia ile ya kwanza: basi."

Tangu hapo sikuhitaji kukariri. Nilikuwa nasikiliza friji.

Nasif alinipachika jina: Daktari wa Mirinda. Yvette akalipenda. Kila jioni akitoka shule alikuja kusimama mbele ya kioo cha friji.

"Daktari wa Mirinda, nipe moja."

"Unajua huruhusiwi."

"Basi nifungulie ninuse."

Nilikuwa namfungulia. Ananusa, anafumba macho, anarudisha. Nilimtazama nikijua kwamba hapo mtu hulengwalengwa na machozi. Mimi sikulengwa na kitu.

*

Mtihani ulipangwa Ijumaa. Ijumaa ni siku ya soko la Mpondwe, na siku ya soko sisi huuza soda nyingi kuliko wiki nzima.

Alhamisi mchana nilijaza friji ili nimwachie Nasif kila kitu tayari. Nikazungusha kile kitufe cha baridi mpaka mwisho, kama tunavyofanya kila siku ya kuamkia soko. Nafasi ya chupa za mwisho ikakosekana. Nikalisukuma kopo la siagi nyuma.

Nyuma, kwenye ukuta wa barafu.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimeshavaa, Martine akaja kuchukua chupa mpya. Ile ya kwenye chungu ilikuwa inaishia. Alisema dozi ya asubuhi ipo, ya jioni angefungua mpya.

Nikavuta kopo. Lilikuwa limeganda ukutani. Vichupa vyote vitatu vilikuwa vigumu kama mawe.

Nilimpa mgongo. Nikakishika kimoja kiganjani, nikakipulizia, nikakisugua kwa kitenge. Kikayeyuka. Kilionekana kile kile.

Nataka niwe mkweli hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika. Niliikumbuka ahadi. Lakini mimi ni mtoto wa duka la soda. Kwetu soda huganda kila wiki. Unaiweka juani, inayeyuka, unauza, mteja anashukuru. Na gari lilikuwa linanipigia honi nje.

Nikageuka, nikampa.

Martine alikipokea. Akakitazama. Akanitazama mimi.

"Uende na amani, mutoto yangu," akasema. "Leo usifikiri kintu kingine."

*

Kasese tulianza na mahojiano saa nne, mtihani wa kuandika ukiwa saa nane mchana. Walikuwa watu watatu mezani. Aliyeuliza zaidi alikuwa mama mmoja wa makamo, Sista Nabirye, kavaa sweta ya kijivu.

"Nieleze insulini inavyofanya kazi."

Nikawaeleza malori ya Mpondwe. Yule bwana wa katikati akacheka kwa furaha, akaandika kitu. Nikawaeleza friji inayonyamaza ikitosheka. Akaandika tena. Niliona kabisa: napita.

Sista Nabirye akavua miwani.

"Sasa uko kwenye zahanati, Kitswamba. Insulini ya mtoto imeganda usiku. Asubuhi imeyeyuka, iko safi, huoni tofauti. Unafanya nini?"

"Naitumia," nikajibu. Hata sikufikiri.

Yule bwana wa katikati akaweka kalamu chini.

"Mtoto huyo umemuua, binti," akasema, bila ukali. "Insulini ikiganda imekufa. Ikiyeyuka ni maji tu. Unamdunga maji, sukari inapanda, na wewe unadhani umemtibu. Hilo kosa hufanywa mara moja."

Kisha akatabasamu. "Usiogope, hayo utafundishwa. Mengine umejibu vizuri mno. Saa nane uwe ndani."

Nilitoka.

Nikampigia Nasif. Nyuma yake kulikuwa na kelele za soko.

"Kaka, kimbia kwa mama Yvette. Mwambie ile chupa asiitumie. Iliganda."

"Banange, Asmah! Duka limejaa. Si iliyeyuka?"

"Imekufa, kaka. Ni maji."

"Soda yetu ikiganda inakufa?"

"Nasif!"

"Sawa, sawa. Hajara wa jirani amemwona akivuka Kasindi na mtoto, amekwenda kufua. Akirudi nitamwambia. Wewe kaa kwenye mtihani wako."

Akirudi. Nasif namjua. Nasif siku ya soko husahau hata kula.

Nikapiga hesabu ya saa. Mtihani unaisha saa kumi na moja. Yvette anadungwa saa kumi na mbili, kabla ya chakula. Kutoka Kasese mpaka Bwera, gari likisubiri abiria, sifiki.

Na hata ningewahi kumtuma mtu, mtu huyo angesema insulini imeharibika. Asingesema kwamba mimi nilijua tangu asubuhi nikanyamaza.

Nikarudi kwa Sista Nabirye, nikamweleza yote nimesimama mlangoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mtihani haurudiwi. Ukitoka getini, ni mpaka mwakani. Unalijua hilo?"

"Najua, Sista."

"Duka la dawa karibu na mzunguko huwa nayo. Ipakie kwenye baridi, si kwenye barafu. Umesikia? Si kwenye barafu."

Walikuwa na chupa moja tu. Nilitoa hela niliyoweka kwa ajili ya sare.

Kwenye mkoba nilikuwa na chakula changu cha mchana. Uji, ndani ya ile ile flaski yenye mdomo mpana. Tulikuwa hatujawahi kununua nyingine.

Nilisimama kando ya barabara, nikaumwaga uji wote chini. Nikaisuuza kwa maji baridi mara tatu, nikaweka maji mengine ya baridi, nikakifunga kichupa ndani ya mfuko wa nailoni, nikakitumbukiza.

Saa nane kamili gari lilikuwa bado halijajaa. Nilikuwa nimeipakata flaski, natazama saa ya dereva. Nilijua wenzangu wanafungua karatasi. Nilingoja kuumia.

Sikuumia. Nilikuwa naihesabu barabara tu.

*

Nilifika kwa Martine saa kumi na moja na nusu. Alikuwa anamenya mihogo. Yvette alikuwa chini, anachora, midomo imemkauka kidogo.

"Mama Yvette, ile chupa iliganda. Zote tatu ziliganda. Mimi ndiye niliyezisukuma nyuma. Nilijua asubuhi na sikukuambia."

Nilisema kwa pumzi moja, kama mtoto anayesoma ubaoni.

Martine aliweka kisu chini.

"Nilijua," akasema.

"Nasif amekuambia?"

"Nasif? Hapana. Saa ileile ulinipatia. Karatasi yake ilikuwa imelowana. Nikaigeuza kwa mwangaza, ndani kulikuwa vintu vidogo vyeupe. Asmah, mimi miaka kumi na miwili nilishika hizi chupa."

"Mbona hukusema?"

"Ungepanda gari?"

Nikaipakata flaski.

"Donc, nikanyamaza. Nikaenda hospitali, bakaniambia nirudi Jumatatu, dawa iko imekwisha. Nikavuka Kasindi kutafuta. Nikakosa. Katika ile ya zamani kulibaki kidogo. Nilikuwa nitaigawa: leo nusu, kesho nusu."

"Na Jumapili?"

Akachukua kisu chake. Hakukata kitu.

Yvette akainua kichwa. "Mama alisema hutarudi. Alisema tusikuambie mpaka upite."

Nikafungua flaski. Nikatoa kichupa, nikakipangusa, nikampa. Martine alikiinua kwenye mwanga wa mlango, akakigeuza polepole, mara mbili. Hakikuwa na kitu ndani isipokuwa dawa.

Akavuta dozi nzima.

Alipomaliza kumdunga, akaniuliza bila kunitazama: "Egzame yako?"

"Mwakani."

Aliketi chini palepale. Akafunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika, bila sauti. "Miye nilikuwa nimekusamehe saa moja asubuhi," akasema ndani ya kanga. "Saa moja asubuhi, mutoto yangu."

Yvette akaichungulia flaski, akainusa. "Inanuka uji," akasema. "Umekunywa wote peke yako?"

Hapo ndipo nilipoisikia. Si machozi. Njaa. Njaa kali, ya tumboni, ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokaa kwenye lile benchi.

"Niliumwaga," nikasema. "Kuna chochote cha kula?"

Martine akanisogezea mihogo.

*

Mpaka leo ninapoandika bado nipo dukani. Kitufe cha friji tumekichora alama ya rangi nyekundu, hata siku ya soko hakivuki hapo. Soda zetu si baridi kama za jirani. Nasif analalamika, lakini ndiye aliyepaka ile rangi.

Nakuachia hili tu, wewe unayesoma kwa ajili ya mtihani kama mimi. Ningekaa, ningepita. Martine angenipongeza, na nisingejua kamwe kwamba anajua. Ningevaa sare, nikasimama mbele ya watu walioketi kwenye benchi, na ningekuwa mmoja wa wale wanaoitazama flaski na kupita.

Ukimkosea mtu, mwambie wewe mwenyewe, siku ileile.