Siku Nilipotundika Picha ya Mwamikazi

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka, maana aibu niliyoipata huku Marekani, Buffalo, siku ya kumkumbuka mwamikazi wetu, hata leo nikiwa kwenye mashine kule kiwandani Tonawanda hunirudia nikafumba macho (na mashine yenyewe si ya kufumbia macho).

Mwamikazi ni mke wa mwami, yaani mfalme wetu kule milimani, Kivu ya Kusini. Alikaa kando ya mumewe tangu mama yangu akiwa msichana, na alipofariki tukaamua, sisi wa Buffalo pamoja na ndugu wa Louisville na Columbus, kumfanyia siku yake kwenye ukumbi wa kanisa. Katika kikao nikaomba kazi ya banderole, kile kitambaa kikubwa chenye picha, kwa sababu nilikuwa nimeazimia kwamba watoto wetu waliozaliwa huku hawatakua bila kumjua sura. Ningenyamaza hapo. Lakini présidente wa chama chetu, Mama Chantal, akasema picha itumwe kwanza kwa wazee wa Columbus waithibitishe, nikaona ananivunjia heshima, basi nikajibu kwamba mimi mwamikazi alinibariki kwa mkono wake nikiwa mtoto, nitashindwaje kumjua? (Ukweli ni kwamba nilimwona mara moja, kwa mbali, tena nilichoona ni kilemba tu.)

Picha niliipata kwenye simu, ya zamani, wanawake wawili: mmoja amekaa kwenye kiti cha kuchonga, mwingine amesimama nyuma yake, miguu mitupu, kamshika bega. Sasa niambieni, ninyi mngemchagua nani? Nikamkata aliyesimama, nikamkuza aliyekaa. Vikabaki vidole vinne begani, nikamwambia binti yangu avifute kwenye kompyuta, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba ana mtihani, nikaviacha.

Siku yenyewe, Jumamosi mchana, ukumbi ulijaa, banderole imefunika ukuta, na wazee wa Columbus wamekaa safu ya nyuma, mmoja wao anaitazama huku anatikisa kichwa, nikadhani ni huzuni. Nikashika mikro nikaanza kusimulia ile baraka, na kwa kuwa nikianza uongo huwa naumaliza vizuri, nikalia machozi ya kweli. Ndipo akaingia Bibi Faida wa Louisville, ambaye gari lao lilikuwa limechelewa. Akasimama katikati ya ukumbi, akamwomba binti yake miwani, akatazama ukutani, kisha akaja moja kwa moja mbele na mkongojo wake. Nikajua anakuja kunifariji. Nikamkumbatia, mikro bado mkononi, nikamwambia bibi, tumempoteza mama.

Akangoja nimalize kulia.

"Mwanangu," akasema, na ukumbi mzima ukasikia, "huyu ni miye. Siyakufa."

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba labda wanafanana tu, maana mimi mwamikazi namjua. Bibi akanionyesha kovu kwenye kidevu chake, akanionyesha na kovu kwenye kidevu cha ukutani, vijana wa kwaya wakashindwa kujizuia. Basi nikapanda juu ya kiti niishushe, nikavuta kona moja, kona zote zikaachia, banderole yote ikanishukia kichwani, nikajikuta nimekaa sakafuni ndani yake, na kusema kweli sikuwa na haraka ya kutoka.

Nilikuwa humo humo niliposikia Bibi Faida anaongea.

"Muko munacheka, bon, mucheke. Lakini munajua ile kiti ni ya nani? Nilifika kwake na miguu, na mimba ya miezi munane, hata juma moja haiyapita tangu tumuzike bwana yangu. Mwamikazi akasimama, akanikalisha kwa kiti yake. Mupiga picha akamuambia arudi kwa nafasi yake. Akakataa. Akasema, piga vile."

Bibi akaomba banderole irudishwe ukutani.

"Ile vidole ni yake," akasema. "Inatosha."

Nikatoka chini ya kitambaa, kilemba kimekwenda upande, nikaomba mikro tena (Mama Chantal alisita kunipa, simlaumu), nikasema mbele ya wote kwamba mwamikazi hakuwahi kunibariki, hakunijua wala sikumjua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini nilikuwa nimeapa watoto wamjue, na hawawezi kumjua kwa uongo wangu. Kisha tukaitundika upya, safari hii chini zaidi, watoto wakapita mmoja mmoja wakigusa vile vidole, Bibi akimwambia kila mmoja ni vya nani.

Kwa hiyo sisemi tena namjua mtu nisiyemjua, na picha yoyote ya wakubwa nitakayopewa itapita Columbus kwanza, hata ikiwa ya harusi. Ila siku ile nilipanga mstari nyuma ya watoto, wa mwisho kabisa, na zamu yangu ilipofika nikainama, nikaweka kichwa chini ya vile vidole.