Mwombolezaji Aliyeweka Kipaza Sauti Chini

Saa tatu asubuhi, jua la pwani ya Putai, Taiwan, limeshaanza kuuma, na Lau Siok-im anatambaa kwa magoti juu ya lami kuelekea jeneza la mtu asiyemjua. Amejifunika kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, mpiga kinanda nyuma yake. Chini ya turubai watu wanasubiri neno moja tu: "Baba!"

Neno hilo ndilo ajira yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini amewaita baba wazee wa nusu ya kisiwa, hata hutaniwa kwamba siku ya kiyama atakuwa yatima kuliko wote. Kutambaa hadi kwenye jeneza ni wajibu wa watoto wa marehemu. Wanaoona haya humkodi Siok-im, dola elfu nne za Taiwan kwa asubuhi moja, machozi yakiwemo.

"Machozi ya kweli," anasisitiza. "Wanaotumia kitunguu wako kule mjini Tainan."

Siku hii anafika katikati ya njia, anafungua kinywa, na hakitoki kitu.

Chanzo ni klabu. Daktari wa meno wa mjini, Koo Bun-hiong, alianzisha juzijuzi Klabu ya Jirani, watu wa kujitolea kuzibua mitaro na kuwapelekea chakula wazee wanaoishi peke yao. Siok-im alijiunga siku ya kwanza, akapewa wazee wa gatini. Kila mkutano wanachama husimama na kutamka kanuni tatu: usiseme usichokiamini, usifanye sirini usichoweza kufanya hadharani, unayemsaidia asibaki na aibu. Wenzake huzitamka huku jicho liko kwenye sufuria ya supu. Yeye alizibeba hadi nyumbani, akalala nazo.

"Mimi si mwanao, mzee," kipaza sauti kinasema hatimaye. "Hata jina lako nimeambiwa leo. Wanao wamekaa pale nyuma. Wangoje hao."

Anakiweka chini.

Kinanda kinakatika. Bibi mmoja anasahau mbegu ya tikiti mdomoni. Wapo wanaoapa kwamba hata mbwa wa mtaa waliketi. Mjane, Mama Siau, uso unampauka. Wanawe watatu wanasukumana kwa macho, hadi mkubwa, Kim-tsui, dereva wa lori mwenye kitambi chake, anaanguka magotini kama gunia. Maneno ya maombolezo hayajui. Anatambaa akisema "Baba, baba," basi, na suruali ya suti inachanika gotini.

Jioni ileile klabu ilikutana, na wengi walitaka afukuzwe. Familia imevuliwa nguo mbele ya kijiji, walisema. Kanuni ya tatu imekanyagwa.

"Dada Siok-im," Daktari Koo alimwambia, "kanuni ni za klabu. Kazi ni kazi."

"Basi ungetuambia, Daktari, tuziache mlangoni pamoja na viatu."

Hata hivyo Siok-im alikiri kwamba aibu ile ilikuwa mzigo wake: angepaswa kuwaambia wana wa marehemu siku moja kabla, faraghani. Kesho yake akaenda kuomba radhi.

Mama Siau alimwacha amesimama mlangoni hadi miguu ikafa ganzi. Kisha akasema, "Umenifedhehesha, na leo sikusamehi. Lakini Kim-tsui hakuwa amemwita baba yake 'Baba' tangu wagombane. Ungelilia wewe, nisingelisikia neno lile mpaka naingia kaburini."

Siok-im anasema alirudi nyumbani kwa miguu, baiskeli yake akaisahau kwa mjane.

Klabu haijamfukuza wala haijamsamehe. Uamuzi unaahirishwa, maana wazee wa gatini wamegoma kula wali ulioletwa na mkono mwingine. Mazishi anayoitwa yamepungua, sasa ni mawili kwa mwezi. Huko huenda siku moja kabla, akakaa na watoto wa marehemu, akawachokoza mpaka waseme walichokuwa wamekifungia moyoni. Asubuhi hutambaa kando yao, kimya.

Anataka hiyo ndiyo iwe kazi yake mpya, kufundisha watu kulia wenyewe.

"Na nikifa mimi, asikodiwe mtu," anasema. "Binti yangu yuko Taipei, nimeshamwambia ajizoeze kutambaa."

Binti alijibuje?

"Kaniuliza, 'Mama, kwenye lami au kwenye sakafu?' Mtoto anayeuliza hivyo atakuja."