Kumfuata Somo Mlandizi kwa Gari Kuukuu

Safari hii niliifunga kwa sababu ya harusi. Binti yangu Rehema alikuwa anaolewa, na somo yake, yule aliyemfunda tangu alipovunja ungo, ni mdogo wangu Mwanahawa anayeishi Mlandizi. Kwetu sie wa Temeke, bibi harusi hatolewi ndani bila somo yake. Lakini Mwanahawa alikuwa ameteleza kisimani akavunjika nyonga, na ingawa mfupa uliunga, mguu haukuweza tena kupanda ngazi za basi. Nikampelekea salamu kwamba nitamfuata kwa gari langu. Jibu lilirudi kwa mdomo wa jirani yake: "Mwambie dada, kwenye kigari kile siingii. Bora harusi ipite bila mie."

Sikumlaumu. Mumewe, marehemu Shomari, alifia Kibamba ndani ya gari dogo kama langu. Lilijichomeka chini ya lori lililoharibika na kuachwa katikati ya njia gizani, bila taa, bila hata tawi la mti la kumwonya mtu. Tangu hapo Mwanahawa hakupanda gari dogo la mtu yeyote.

Na gari langu lenyewe, haki ya Mungu, halikuwa la kumtoa mtu hofu. Lilikuwa gari la Kiingereza la milango miwili, rangi ya maziwa, lililotengenezwa kabla ya uhuru. Nililinunua kwa bosi wangu wa ofisi ya meli, nilikokuwa nikipokea simu, alipofunga mizigo kurudi kwao. Siku zile magari yalikuwa machache. Ungekanyaga breki hapa ukasimama kule mbele, na hakuna aliyedhurika. Sasa tulikuwa kwenye miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yanamiminika bandarini, na malori ya kwenda nchi jirani hayalali. Mie katikati yao nilikuwa kama kifaranga kwenye njia ya ng'ombe. Taa zangu zilikuwa na mwanga wa kibatari. Za kuonyesha ninapokata kona hazikuwa taa bali vijimkono viwili vinavyochomoza ubavuni, na cha kulia kilishakufa. Mkanda wa kumshika abiria haukuwapo hata mmoja.

Nikaona kumbembeleza mdogo wangu aingie humo kama lilivyo ni kumkosea. Nilitengeneze kwanza, ndipo nimfuate.

Asubuhi, Gerezani. Kutoka Temeke nilikwenda moja kwa moja kwenye duka la vipuri la Bwana Nasoro, Mwarabu wa hapa hapa mjini, duka alilorithi kwa baba yake. Aliposikia mlio wa gari akatoka nje akitabasamu.

"Bi Zena! Bado hujaliuza tu?"

"Nakwenda nalo Mlandizi, Bwana Nasoro. Nataka kila kitu cha breki."

Alicheka, kisha akaona mie sicheki. Akaingia ndani, akarudi na kifurushi cha karatasi iliyokauka. Akakifungua, akabonyeza zile raba za breki kwa ukucha, halafu akazirudisha mwenyewe kwenye karatasi.

"Hizi zilikuja enzi za mzee. Ukizitazama utadhani mpya, lakini mpira uliokaa hivi utakusaliti mteremkoni. Nitakuagizia nyingine Mombasa. Na usilipeleke gari kwa mafundi hawa wa chini ya nguzo za umeme. Nenda Kinondoni kwa Kassim. Ana maneno mengi, lakini magari ya zamani anayajua."

Kufika Kinondoni kwenyewe kulinipa somo. Pale bondeni Jangwani, pikapu moja ya Kijapani ilisimama mbele yangu ghafla. Nilikanyaga pedali ikazama, nikakanyaga tena, na tena, ndipo gari likakubali, pua yangu ikiwa karibu kabisa na namba zake. Magomeni nilitaka kukata kulia. Kijimkono changu hakikutoka, nikatoa mkono wangu mwenyewe dirishani, na dereva wa lori nyuma yangu akadhani ninamruhusu apite. Alipita kweli. Upepo wake ulinivua mtandio.

Gereji ya Kassim ilikuwa banda la mabati nyuma ya maduka. Yeye ni Mdigo wa Tanga, mrefu, wa makamo, asiyefanya kazi bila kuimba. Alilizunguka gari akilipigapiga.

"Mama, nina injini ya Kijapani kule nyuma. Nikikupachikia, hili litaruka."

"Sitaki liruke, mwanangu. Nataka lisimame."

Akaacha kuimba. Nikamweleza habari ya Mwanahawa na Shomari, na ya harusi. Alisikiliza akifuta mikono kwenye kitambaa, kisha akasema, "Basi tuanzie miguuni."

Nilikuwa nakwenda pale kila nilipopata nafasi, nakaa juu ya tairi kuukuu na kutazama. Kassim alipata Mwananyamala mzoga wa gari la ukoo ule ule, lililozaliwa baadaye, akachukua breki zake za mbele, zile za sahani ya chuma inayobanwa pande mbili. Mabomba ya mafuta ya breki yote akayabadilisha. Raba za Mombasa zilipofika, akazifunga nyuma. Dainamo akaitoa akaweka alteneta, ili taa zipate umeme wa kutosha hata gari likiwa limesimama kwenye foleni. Vijimkono alivizima moja kwa moja, akaweka indiketa za rangi ya chungwa mbele na nyuma. Taa moja zaidi ya breki akaitundika ndani ya kioo cha nyuma, juu, mahali ambapo dereva wa lori angeiona bila kuinama. Vioo vya pembeni viwili, tairi nne mpya, na vitasa vya milango vinavyoshika kweli.

Tuligombana kwenye mikanda. Kassim alitoboa sakafu, akafunga boliti, akaniambia gari liko tayari. Nilikaa kwenye kiti cha abiria, nikajifunga, nikauvuta mkanda kwa nguvu zangu zote. Sakafu ikalia. Chini ya zulia bati lilikuwa limeliwa na kutu, na boliti ikainuka na kipande chake.

"Fundi," nikamwambia, "mkanda huu utamshika mdogo wangu, au utaondoka naye?"

Uso ulimbadilika. "Mama, watu wote nawafungia hivi hivi. Hakuna aliyerudi kulalamika."

"Wa kulalamika wako wapi?"

Akaenda nje akavuta sigara nzima. Nikadhani kazi imeishia pale. Aliporudi aling'oa viti vyote viwili, akaondoa zulia, akaikata ile sakafu mbovu yote. Alichomelea chuma kipya, na chini ya kila boliti akaweka bamba nene la upana wa sahani, ili mshindo ukija usielemee mahali pamoja. Alipomaliza alijifunga yeye mwenyewe, akajirusha mbele mara kadhaa hadi akakohoa. "Sasa muite mdogo wako," akasema.

Tukalijaribu kwenye uwanja mtupu. Mara ya kwanza lilivuta kushoto nilipobana breki, akalirekebisha. Mara ya pili lilisimama limenyooka kama mtu aliyeitwa jina.

Alfajiri ya Jumamosi, Ubungo. Kassim aliomba kunisindikiza, alisema kazi yake anataka aisikie barabarani. Makutano ya Ubungo yalikuwa yameshachangamka, mabasi ya bara yanatoka, wauza mikate wanakimbia ubavuni. Niliwasha indiketa, na basi moja kubwa likapunguza mwendo kuningoja nipite. Mambo madogo, lakini nilipiga honi kushukuru kama mtu aliyepewa zawadi.

Kimara tulipanda polepole, malori yakitupita. Kassim hakuimba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza magurudumu. Tulipofika Kibamba nilipunguza mwendo bila kuambiwa, nikamwombea Shomari kimoyomoyo. Kibaha tulishuka tukagusa magurudumu kwa kiganja. Yalikuwa na joto, lakini si la kuunguza. Tukanywa chai na kuendelea.

Mlandizi, jua limepanda. Mwanahawa alikuwa barazani, fimbo mapajani, kanga mbili mpya mwilini. Zile kanga zilinipa moyo, kwa maana mtu asiyesafiri havai hivyo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja."

"Nimeona. Na kigari chako."

Nilitaka kuanza kumweleza, breki hizi, mkanda huu. Aliinua mkono kuninyamazisha. Akaomba kiti chake kisogezwe ukingoni mwa barabara ya mtaa, akakaa, akasema, "Nenda mwisho kule, urudi kwa mwendo wa barabara kuu. Nikipiga kofi, simama."

Majirani walishatoka. Kassim akanitazama, nikaingia ndani ya gari. Nilirudi kwa kasi, vumbi nyuma yangu. Alipiga kofi, nikakanyaga. Gari liliinamisha pua likatulia.

"Tena," alisema.

Mara ya pili alichelewa kupiga hadi nilipokaribia kumpita, na bado lilisimama. Mara ya tatu hakupiga kabisa. Nilimpita, nikasimama mbele, nikarudi kumuuliza kulikoni. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Shomari angekuwa na la namna hii," alisema, "angeliona lile lori?"

Kassim ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini sana. "Shangazi, taa hizi zingemwonyesha lori mapema. Pengine angesimama. Pengine siyo. Mie siwezi kukuapia."

Nilidhani Kassim ameharibu kila kitu. Kisha mdogo wangu akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Ungeniapia nisingepanda," alisema. "Nileteeni buibui langu."

Kurudi. Tulikisogeza kiti cha mbele nyuma kabisa ili mguu unyooke, na Kassim akajikunja nyuma yangu. Nilimfunga mkanda mwenyewe. Aliushika kwa mikono miwili, macho kayafumba, akisoma dua, na hakuyafungua hadi Kibaha.

Tulipovuka Kiluvya, basi moja lililokuwa likitoka Dar lilitoka mstarini kulipita lori, likaja upande wetu, taa zimewashwa, honi inalia. Sikuwa na muda wa kufikiri. Nilibana breki, gari likapungua bila kuyumba, nikaliingiza pembeni kwenye kokoto, na basi likatupita kwa kishindo. Nyuma yetu kulikuwa na lori la mkaa. Nililiona kwenye kioo likipunguza mwendo nalo, likasimama mbali kidogo na sisi. Taa ile ya juu ilikuwa imemfikia dereva wake.

Mkanda ulikuwa umembana Mwanahawa begani, buibui limekunjamana. Alipumua, akapumua tena.

"Kumbe linasimama," alisema.

"Umeumia?"

"Bega tu. Twende taratibu." Baada ya mwendo kidogo akaongeza, "Dada, Kibamba unipe nafasi nishuke."

Tulimsaidia kushuka, Kassim huku na mie huku. Alisimama kwenye majani kando ya lami, mahali ambapo kwa miaka yote alipapita ameinamisha kichwa ndani ya basi. Akasoma Fatiha. Malori yalipita, na kila moja lilitutikisa nguo. Hakukaa sana. Alisema jua kali na bibi harusi anangoja.

Temeke. Rehema alisikia mlio wa gari akakimbia nje, na kina mama waliokuwa wakipepeta mchele uani wakaanza vigelegele. Mwanahawa aliingia ndani na fimbo yake, akafunga mlango wa chumba cha bibi harusi, na kwa siku zilizofuata hata mie mama mtu niligonga hodi. Harusi ilikwenda kama harusi zinavyokwenda kwetu, na somo alikaa mahali pake.

Wengi wameniuliza baadaye kwa nini sikuuza lile kuukuu nikanunua la Kijapani. Uwezo nao ni sababu, sikatai. Lakini pia nilijifunza kwamba gari la zamani si hatari kwa uzee wake. Ni hatari pale barabara inapobadilika na wewe ukalala. Ukilipa breki za kusimamia, mwanga wa kuonea na kuonekana, na kitu cha kumshika aliye ndani, limekutosha. Yanayobaki ni mwendo wako mwenyewe. Nilijifunza na jingine, kwamba aliyeogopa hatulizwi kwa maneno. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya kumshawishi mdogo wangu, na sikuitumia.

Nilimrudisha kwake wiki iliyofuata, safari hii sie wawili tu. Alijifunga mkanda mwenyewe. Hadi Mbezi alikuwa akinihadithia yaliyotokea kule chumbani, yale yanayoruhusiwa kuhadithiwa, tukicheka. Kisha nikaona anajibu kwa neno moja moja, kisha hajibu. Nikamtupia jicho. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo, amelala usingizi mzito. Barabara mbele ilikuwa nyeupe, haina mtu. Nikapunguza mwendo, nisije nikamwamsha.