Siku Walipokuja Kumposa Profesa

Waliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe, mwenye nyumba hii ya Mkolani. Mume wangu, sasa marehemu, ambaye siku hizo alikuwa ametoka kupunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Binti yetu wa pili. Mume wa binti yetu, profesa, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu kule Botswana na alikuwa amekuja likizo. Mkuu wa chuo kipya, mtu wa Tanga, pamoja na dereva wake. Na mwalimu mstaafu wa Butimba, jirani yetu, aliyemfundisha profesa utotoni na ndiye aliyewaleta wageni. Majina yao yote ninayo kichwani, hata la dereva na la kijiji chake, ila wanangu wamesema nisiyaandike, na wao ndio wanaoninunulia karatasi.

Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kufungua vyuo, kama ilivyoruhusu maduka na mabasi. Hiki chuo cha upande wa Ilemela kilitaka kuanzisha shule ya sera za umma. Mimi niliishia darasa la nne, nikamuuliza mwalimu ni shule ya nini hiyo. Akasema, "Mama, kiwanda cha mzee kinauzwa, sivyo? Kuna mtu alikaa mezani akaamua kiuzwe. Shule hii itawafundisha hao wanaokaa mezani." Mume wangu akasema basi wamechelewa.

Shida yao ilikuwa kupata mtu mzito wa kuiongoza. Bila profesa wizara haitoi kibali. Wa kwanza waliyemtaka alichukuliwa na shirika la wazungu Dar es Salaam. Mwingine alikubali, akala nao samaki sato kwenye hoteli ya ufukweni, kisha akaenda zake Afrika Kusini. Ndipo mwalimu akamwambia mkuu wa chuo, "Huyu wa tatu msimwandikie barua. Nendeni ukweni kwake, kwa adabu, kama mnaposa. Mtu anaweza kuikataa wizara, lakini wakwe atawasikiliza."

Mimi nilikuwa na langu. Siku ya kuamkia ugeni tulikuwa tunachambua mchele, binti yangu akasema bila kuinua uso, "Mama, akiwakataa hawa, anasaini mkataba mrefu kule. Hatutarudi tena. Watoto wataoa hukohuko." Mjukuu wangu mdogo alikuwa ameniamkia kwa Kiingereza asubuhi ile. Nikamwitikia marahaba, tukabaki tunatazamana kama abiria wa stendi. Kwa hiyo wengine walikuwa wanatafuta profesa. Mimi nilikuwa namtafuta mwanangu.

Sasa, kwetu Wasukuma wa umri wangu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawaketi chumba kimoja. Hawatazamani usoni, hawapeani mikono, na ikitokea wamekutana, mkwe hasemi neno. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Tangu amwoe binti yangu, mimi nilikuwa namjua kwa kikohozi chake na kwa viatu alivyoacha mlangoni. Profesa au si profesa, hilo alilishika vizuri kuliko kaka zake waliobaki kuchunga.

Basi siku ile wanaume walikaa sebuleni, mimi jikoni, mlango wa katikati umerudishwa. Mkuu wa chuo akaanza vizuri. Aliongea taratibu, akasifu mji, akasifu nyumba, hata kuku akawasifu. Mwalimu akaomba radhi, akatoka kwenda chooni nyuma ya nyumba. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Mzee," nikamsikia mkuu wa chuo, "mbona mama hayupo? Mimi sizungumzi jambo la nyumba bila mama mwenye nyumba."

Mume wangu akasema, "Mama yupo. Anasikia."

"Ah, mzee, kusikia jikoni ni kusikia?"

Nikashtukia yuko mbele yangu, amevaa suti, anaukwepa moshi. "Shikamoo mama yangu. Njoo ukae na wanao." Akanishika mkono. Mkono wangu ulikuwa na unga. Kumnyang'anya mgeni mkono ni aibu, na kwenda naye ni aibu kubwa zaidi, nami kabla sijachagua nilikuwa sebuleni, ameniketisha kwenye kiti kilichotazamana na mkwe wangu. Magoti yetu yalitenganishwa na kreti ya soda.

Mkwe wangu akageukia ukuta. Mimi nikajifunika khanga usoni. Mume wangu akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho.

"Sasa tumetimia," mkuu wa chuo akasema. "Profesa, mbele ya mama yako, unasemaje?"

Kimya.

"Nyumba ipo, juu ya mawe, unaona ziwa mpaka visiwani. Gari lipo."

Jasho lilikuwa linamshuka mkwe wangu shingoni. Nililiona kwa chini ya khanga.

"Watoto tutawatafutia shule nzuri. Au ni cheo? Sema cheo unachotaka."

Mume wangu akasema, "Mheshimiwa, ngoja kidogo mwalimu arudi."

"Mzee, nimengoja mwaka mzima." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wenzake walinikatalia kwa maneno. Huyu ananikatalia kwa mgongo. Mbele ya mama mkwe, tena. Kwetu mama mkwe ndiye anayekupakulia wali, na ukimnunia watu wanakusema."

Nikasikia jalada lake likifungwa na kiti kikisukumwa. Nilitaka kusema, lakini sauti yangu ingemfukuza mkwe wangu mbio mpaka barabarani. Nilitaka kuinuka, lakini njia ya kutokea ilipita mbele ya uso wake. Nikawaza, mwanangu anaenda hivihivi, namwona, nami nimekalishwa hapa kama gunia.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Binti yangu aliingia na shuka la kitandani, amelinyoosha mikono miwili, akasimama nalo katikati yetu. "Mama, inuka," akasema. Nikapita nyuma ya shuka mpaka jikoni. Mwalimu naye alikuwa amefika mlangoni, bado anafunga mkanda. Aliliona shuka, akaelewa yote.

"Mkuu," akasema, "umewakalisha pamoja mkwe na mkwe? Hapo hata ungemuuliza profesa jina lake asingelitaja."

Mkuu wa chuo alikaa chini polepole. "Nisamehe, mzee. Nilidhani natia heshima."

Hapo mkwe wangu akasema kwa mara ya kwanza, nami nimetega sikio mlangoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ndugu yangu, hilo la mama limekwisha. Langu ni jingine. Mmekuja ukweni makusudi ili nishindwe kusema hapana. Mtu asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake utaifanyia nini? Hapa sijibu. Kesho nitakuja chuoni kwako kwa miguu yangu, na nikikataa nitakuwa nimekataa."

Walipoondoka binti yangu alikaa kwenye kinu. Usiku ule katika nyumba yetu kila mtu alikula kidogo.

Kesho yake alikwenda peke yake, akarudi jua linazama. Kwa viatu vyake mlangoni nilijua amerudi. Binti yangu akatoka chumbani kwao, akaja jikoni, akanieleza. Amekubali. Amewaambia hataki gari. Anataka wasomi wenzake wawili, mmoja Mhaya wa uchumi na mwingine mama wa sheria, nao waajiriwe pamoja naye, kwa sababu shule ya profesa mmoja ni picha ya kuonyesha wizara. Mkuu wa chuo alibishana naye mpaka adhuhuri, kisha akasaini.

Mhaya alikuja. Yule mama wa sheria hakuja. Binti yangu alirudi na watoto, wakakaa Ilemela kwenye mawe yale, na ziwa kweli linaonekana. Nimekwenda mara nyingi. Kila nikifika getini mkwe wangu hupitia mlango wa nyuma na kwenda ofisini, hata Jumapili. Mhaya husema shule ile imejengwa na ziara zangu.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka. Kama ulikuwepo na unakumbuka kwamba shuka lilikuwa la maua, au kwamba mzee hakukohoa, njoo Mkolani uniambie, nitafuta niandike upya. Mkwe wangu naye, akisoma hapa akaona nimekosea, amtume mkewe.