Vijiti Kumi na Vinne vya Mikebuka

Harufu ya samaki aina ya mikebuka wanaokaushwa kwa moshi bado hunipandisha hasira, na mnisamehe, kwa sababu hapa mjini Baraka, ufukweni mwa ziwa, harufu hiyo haikwepeki.

Tulikuwa tumerudi kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, vita vilipotulia kidogo. Nilikuwa na miaka kumi. Shule iliwapima hesabu watoto wote waliorudi: ukifaulu, unaingia darasa la nne na wenzako, ukishindwa, unakaa la pili. Na la pili ndiko alikokuwa mdogo wangu Asukulu, aliyekuwa bado anafutwa kamasi na mama.

Mwalimu aliyetupima alikuwa kijana mgeni kazini, suruali yake imenyooshwa kwa pasi kama ya bwana harusi. Aliandika ubaoni: kumi na nne mara sita. Nikacheka kimoyomoyo. Mama alikuwa akitunga mikebuka sita sita kwenye kijiti, na kazi ya kupanga vijiti juu ya moto ilikuwa yangu. Vijiti kumi, samaki sitini. Vijiti vinne, ishirini na wanne. Nikaandika themanini na nne, nikaweka kalamu chini.

"Operasio yako iko wapi?" akauliza, akitafuta hatua za hesabu kwenye karatasi yangu.

"Nimewaza vijiti ya samaki, Mwalimu."

"Vijiti gani? Unaanzaka na ya kuume, unabeba mbili! We umekopia ku nani?"

Akanipa sifuri. Mama alikwenda kwa mkurugenzi wa shule, mikono bado ina magamba. "Huyu mutoto ndiye anahesabiaka miye samaki yote," alimwambia.

"Mama, masomo iko kitu ingine," mkurugenzi akajibu.

Mwaka mzima nilikaa na Asukulu, magoti yakigonga dawati, nikiimba moja na moja ni mbili. Niliona aibu hadi nikaacha kujibu hata nilichokijua.

Niliamini kijana yule alinichukia. Kisha nami nikasomea ualimu. Tulifundishwa mwandiko wa ubaoni, na kuandaa somo kwenye karatasi yenye safu mbili: huku maneno ya mwalimu, kule majibu ya mwanafunzi. Majibu ya mwanafunzi, jamani! Tunayaandika nyumbani, mtoto hatujamwona. Hakuna aliyetufundisha kumuuliza, "Umefanyaje?" Ndipo nikaelewa kwamba jibu langu halikuwa kwenye karatasi yake, naye akaogopa.

Kuelewa hakujanitoa hasira. Kesho mkaguzi anakuja darasani kwangu, na safu ya majibu ya watoto nimeshaijaza yote.