Adhana Mwishoni mwa Utepe

Cheka ukitaka. Mimi sikuhadithiwa, wallahi, yalinikuta mwenyewe. Ilikuwa Garissa, mchana kweupe, miaka ile kambi za Dadaab zilipokuwa zikifurika wakimbizi.

Nilikuwa fundi wa redio, mtu wa Lamu, naishi peke yangu dukani. Adhuhuri mji mzima hulala kwa joto, mimi nabaki na feni yangu inayolia kwi-kwi, sina wa kumsemesha. Upweke ule, we acha tu.

Nilikuwa na rekoda kuukuu ya magurudumu mawili: la kushoto linatoa utepe, la kulia linaupokea. Watu walishahamia kwenye kaseti, ikabaki kula vumbi. Nyaya za kurekodia nilizikata mwenyewe, nisije nikafuta sauti ya mtu kwa bahati mbaya. Ilikuwa inacheza tu, na hilo ulishike.

Siku hiyo akaja mama mmoja wa kambini, Habiba, na binti yake mdogo, ameshika utepe. Ni sauti ya mumewe, aliirekodi Kismayu kabla ya vita.

"Fundi, nitilie kwa kaseti. Huyu mtoto hajasikia baba yake hata siku moja."

Akaenda kupumzika kwa dada yake, nyumba ya pili. Sikumwuliza mume yuko wapi. Nyakati zile ungewauliza wangapi?

Nikapitisha utepe, nikawasha. Sauti ikatoka nzito, inajiburura.

"Fundi, ongeza. Hiyo mwendo ni kidogo."

Mlangoni kasimama mwanamume mrefu, kikoi kimejaa vumbi. Nikasukuma swichi ya mwendo, sauti ikakaa sawa. Ee Mola wangu! Sauti ya kwenye utepe ilikuwa yake yeye!

"Alhamdulillahi, kumbe u hai! Mkeo yuko hapa, na binti yako!"

Hata hakutabasamu. "Binti," akasema. "Nani alimuadhinia?"

Unajua kwetu Waislamu, mtoto akizaliwa baba humsomea adhana sikioni. Nikamwambia sijui, kaa nikuitie mkeo, nikatoka mbio.

Habiba aliponisikia aliketi mchangani. "Fundi, usinicheze. Nimemzika njiani, hatujafika Liboi mpakani. Mtoto alizaliwa baadaye, sisi wanawake tupu. Hakuna mtu alimuadhinia."

Tuliporudi duka lilikuwa tupu. Utepe ulikuwa bado unazunguka, maneno ya Kismayu yamekwisha. Mara ikaanza adhana. Si ya msikitini, hii ilikuwa ya chini chini, ya mtu aliyeinamia sikio dogo. Na nyuma yake, niamini, ndani ya utepe huo huo, ilisikika feni yangu, kwi-kwi.

Habiba alilia bila sauti. Akamwinua binti yake, akamwekea sikio la kulia kwenye spika mpaka adhana ikaisha.

Mimi tangu hapo kila adhuhuri nilitazama mlango. Niliweka stuli ya pili mlangoni, nikamngoja yule mwanamume miaka yote niliyokaa Garissa. Hakurudi.

Nawe ukiachiwa sauti ya marehemu, tafadhali, usizime maneno yakiisha. Uache utepe uzunguke mpaka mwisho. Huenda hajamaliza.