Rangi ya Kucha Kwenye Geji

Mama mwenye karakana yetu pale Kalangalala alikuwa na mtindo wake: kila alasiri kabla ya kufunga, anachukua rangi yake ya kucha, nyekundu, anachora mstari kwenye kioo cha geji ya mtungi wa oksijeni, pale pale mshale uliposimama. Asubuhi anakuja kukagua.

Siku hiyo mstari ulikuwa kwenye 120. Mshale ulikuwa kwenye 112.

"Nani analala na ufunguo wa kizimba cha mtungi?" akauliza. Alijua. Ni fundi mkuu, kaka yangu wa hiari, mtu wa Ibadakuli, aliyenipokea nilipotoka Kagongwa bila cheti wala pa kulala, akanifundisha kuchomelea.

"Shikamoo mama," kaka akasema.

"Marahaba. Gesi yangu umemuuzia nani?"

Hapo mimi damu ikachemka. Mdomo wangu haujui foleni. "Mama, gesi ikipoa inasukuma kidogo! Jana alasiri kipimajoto chako cha vifaranga kilisema arobaini, si kipo hapo ukutani? Sasa hivi ishirini. Joto limebaki nusu, na nguvu inabaki nusu!"

Akaniangalia, akacheka hadi khanga ikamdondoka begani. "Nusu ya mia na ishirini ni ngapi, profesa? Sitini. Mbona naona mia na kumi na mbili? Au mwizi karudisha nyingine?" Akamgeukia kaka. "Chukua vifaa vyako, ng'wanawane, mwanangu wee. Nenda kwa amani."

Kaka alikusanya vifaa. Alibeba sanduku lake, akaenda kulikalia nje ya geti. Angenitukana ningepumua. Nimemtetea mpaka nikamzika.

Sikuweza kukaa. Nikawa nazunguka kile kipimajoto kama kuku anayetaka kutaga. Upande mmoja Selsiasi, upande wa pili Farenhaiti. Nikasoma ule wa pili: ishirini ya asubuhi ni 68, arobaini ya jana ni 104. Hiyo wala si nusu! Sasa mtungi ni mmoja, joto ni moja, mbona upande huu nusu, upande ule siyo?

Nikatoka mbio hadi chumbani. Kuna kitabu cha fizikia nilikiokoa kwa muuza karanga, nusu yake kimeshafungia karanga za watu. Ukurasa niliouhitaji ulikuwepo, una mafuta. Sifuri ya Selsiasi ni pale maji yanapoganda tu, hewa bado inasukuma vizuri kabisa. Ukitaka kugawanya, anza chini kabisa, mahali ambapo hakuna joto la kupungua tena. Ongeza 273.

Nikarudi nahema, nikaandika kwa chaki kwenye bati: ishirini inakuwa 293, arobaini inakuwa 313. Mia na ishirini mara 293, gawa kwa 313. Nikapata 112 na ushee.

"Asubuhi sitini, sasa mia na kumi na mbili," mama akasema. "Jioni utaniambia ngapi?"

"Mia na ishirini. Leo asichomelee mtu. Ufunguo kaa nao wewe, na kiti hiki hapa."

Akakaa kweli, ubishi tu. Jua likaupiga mtungi. Saa tano mshale ulikuwa umesogea kidogo, akajifanya hauoni. Saa saba akavaa miwani. Mimi nilikuwa natembea kizimbani hadi getini, getini hadi kizimbani, na kaka ananiambia, "Kaa chini, unanitia kizunguzungu."

Alasiri kipimajoto kilifika arobaini. Mshale ukaingia chini ya rangi nyekundu, ukatulia.

Mama alivua miwani. Kisha akasema taratibu, "Kamwite."

"Mimi sikumfukuza. Kamwite mwenyewe," mdomo wangu ukajibu.

Nilidhani sasa ni zamu yangu kulikalia sanduku. Lakini alivaa ndala zake, akatoka getini. Sikusikia alichosema. Niliona tu kaka anainuka, anaingia, hata sanduku hajalitua vizuri, anashika mtungi.

"Nishikie huku," akaniambia. "Mtungi haukai juani. Nimesema tangu mwaka jana."

Tukauhamishia kivulini. Mama akafuata nyuma, ameshika kile kichupa cha rangi, hajui achore mstari wapi.